Jina la Mjukuu na Kofia ya Ugeni

"Kwani jina haliendi kwa simu?"

Ndivyo Bi Saumu alivyomwuliza jirani yake, Bi Mize binti Faki, alipomkuta uani anakaanga visheti vya safari. Bi Saumu alikuwa mtu wa kutoka kwake na swali mdomoni na kikombe mkononi, na mara nyingi kikombe ndicho kilichomleta.

"Jina si salamu, Saumu," alijibu Bi Mize bila kuinua macho kwenye karai. "Kwetu jina hutiwa sikioni siku ya saba, kabla ya sala ya alasiri, na bibi mzaa baba. Na mtu mwingine asilisikie kabla ya mwenyewe."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

Bi Saumu akacheka hadi akamwaga sukari aliyokuja kuiazima. Lakini Bi Mize hakucheka, maana kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya saba, na mjukuu mwenyewe alikuwa ng'ambo, Kisiwa cha Raha.

Kisiwa cha Raha kimo katika nchi moja ambayo hatutaitaja, kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa isipokuwa kwa kusifiwa. Zamani kilikuwa kisiwa tu, watu wakiishi humo kama watu. Ndipo Serikali ikatangaza Mwaka wa Mgeni, na mwaka ule ukanoga hata haukwisha. Huu ni wa nne sasa na bado ni ule ule. Ikaundwa Wizara ya Ukarimu na Machweo. Wataalamu wake walipelekwa nchi za mbali kujifunza namna ya kukaribisha watu, wakarudi na suti.

Miongoni mwa mambo waliyoyagundua wataalamu hao ni kwamba majina ya watoto wa kisiwani hayavutii wageni. Basi ikaamriwa: mtoto yeyote atakayefika sala ya alasiri ya siku ya saba hajapewa jina na wazee wake, Wizara itampa. Kulikuwa tayari na binti aitwaye Mchanga Mweupe, na mvulana aitwaye Punguzo la Msimu, na mapacha wawili wenye afya njema, Kifungua Kinywa na Chakula cha Jioni. Mama yao husema ni watoto wazuri, ila kuwaita wakiwa nje ni taabu, maana majirani huja na sahani.

Bi Mize alikuwa na jina lake. Alilihifadhi moyoni tangu mkwewe aliposhika mimba, na kila sala aliliombea. Nasi hatutalisema hapa kabla ya wakati wake, tusije tukaharibu. Akajaza visheti kikapu kizima, akafunga tende moja kwenye pindo la leso yake kwa ajili ya kinywa cha mtoto, akasoma dua ya safari, akalala.

*

Bandarini Kisiwa cha Raha alipokewa na afisa kijana mwenye sare ya maua.

"Jambooo!" aliimba afisa, maana shikamoo ilikwisha pigwa marufuku, Wizara iligundua kwamba inawachosha wageni.

"Marahaba," alisema Bi Mize, akimjibu salamu ambayo kijana alipaswa kuitoa.

Afisa akaona haya kidogo, akajikaza. "Kusudi la safari?"

"Nimekuja kumtia mjukuu wangu jina."

"Kusudi hilo hatuna, mama. Makusudi ni matatu: jua, kasa, na fungate."

"Mimi kusudi langu ni mjukuu."

"Mjukuu hayumo. Nikuwekee fungate?"

"Mume wangu ni marehemu, mwanangu."

Afisa akasimama, akavua kofia yake, akainamisha kichwa, akaketi tena. "Mungu amrehemu. Fungate bila mume tunayo pia, lakini inakuja na mpiga kinanda."

"Astaghfirullah. Weka jua."

"Jua. Umechagua vizuri sana."

"Ingawa jua lipo hata kwetu."

"Hilo la kwenu, mama, halijathibitishwa."

Kisha akamvisha kofia pana ya ukili yenye utepe wa buluu, juu ya ushungi wake. "Hii sasa ndiyo wewe," akasema. "Hapa kisiwani mwenye kofia ni mgeni. Asiye na kofia, akiwa na sare, ni mkaribishaji. Asiye na kofia wala sare ni mandhari. Mgeni anatembea popote. Mandhari haitembei, inakaa pale inapopendeza."

"Na mwanangu Vuai, fundi baiskeli wa Mkungu, ni nani katika hao?"

"Mkungu? Kule wote ni mandhari, mama. Daraja la kwanza."

"Na mimi nikiivua kofia?"

Afisa akatazama huku na huku. "Usiivue. Juzi bwana mmoja kutoka nchi za baridi aliivua kidogo tu, ajikune. Mpaka leo anasuka makuti bustanini. Balozi wake amekuja mara mbili, na kila akija anakaribishwa."

Hapo ndipo Bi Mize alipoisikia Amri ya Ukarimu, ambayo afisa aliisema wima, mkono kifuani: *Aliyekaribishwa ataketi, atakula, atashukuru, ndipo atakapoinuka.*

"Amri nzuri," alisema Bi Mize, ambaye ukarimu haujampiga chenga tangu azaliwe. "Aliyeiandika amelelewa."

Alikuwa hajatembea chini yake bado.

*

Kutoka bandarini, mnara mweupe wa msikiti wa Mkungu ulionekana palepale, nyuma ya minazi. Mtu angeweza kutuma mtoto chumvi akarudi mchuzi haujachemka. Lakini Waziri aliwahi kusema kwamba kisiwa kidogo ni aibu kwa taifa kubwa, basi barabara ikajengwa ya kuzunguka. Ilikwenda mpaka karibu na Mkungu, ikageuka kama aliyesahau kitu, ikarudi bandarini, ikaondoka tena. Kila njia panda ilikuwa na kibao, na kila kibao kiliandikwa UFUKWENI. Hakikuwa cha uongo hata kimoja.

Bi Mize alitaka kukatiza kwa miguu. Akaambiwa mgeni hatembei kwa miguu akaonekana kama hana mwenyewe, akaletewa ngamia.

Kisiwani hapakuwahi kuwa na ngamia. Huyu alinunuliwa baada ya Waziri kumwona kwenye kalenda, na kwa kuwa alitoka mbali akapewa cheo cha Afisa Usafiri Daraja la Pili. Mchunga wake, kijana wa Daraja la Tatu, ilimpasa kumpigia saluti kabla ya kumshika kamba.

"Mama, panda. Afisa ameketi."

"Nani kamkaribisha?"

"Huyu peke yake ndiye anayeketi bila kukaribishwa," alisema mchunga kwa wivu.

Bi Mize akapanda huku akisoma kila alichokijua, ngamia akainuka kwa awamu, na safari ikaanza. Haikufika mbali. Chini ya mnazi mmoja mwembamba akatokea mkaribishaji.

"Karibu, karibu, karibu sana!"

Akashushwa. Akaketishwa. Akapewa dafu lenye kimwavuli cha karatasi juu yake.

"Hiki cha nini?" aliuliza Bi Mize. "Dafu linaogopa mvua?"

"Ni utamaduni wetu, mama."

"Wa lini?"

"Wa Jumatatu."

Akanywa, akashukuru, akainuka. Hatua chache mbele, karibu nyingine, na ngoma. Wachezaji walikuwa vijana wa mjini waliosomea uhasibu, na walicheza kama watu wanaokumbuka kitu walichokiacha jikoni motoni. Akaketi, akala muwa, akashukuru. Mbele tena, karibu; akavishwa shada la maua la plastiki lililoandikwa jina la mgeni aliyetangulia. Kila alipokuwa akiinuka, mnara wa Mkungu ulikuwa palepale, na jua lilikuwa limesogea.

Ndipo akafikishwa kwenye Machweo.

Ni lazima tueleze. Vyombo vya kurudisha wageni bara huondoka kabla ya jioni, na ilionekana ni hasara watu kuja nchi ya machweo wakaondoka hawajayaona. Kwa hiyo Wizara iliyafanya machweo saa sita mchana. Vijana wawili walipanda juu ya vichuguu viwili vya mchanga, wakatandaza shuka kubwa la rangi ya chungwa, na kulishusha polepole huku mtu wa tatu akipuliza filimbi. Wageni walikuwa wakipiga picha na kufutana machozi.

"Karibu machweo!" alisema mkaribishaji mkuu wa mahali pale, Bwana Tabu Mshangama, mtu mnene mwenye kipaza sauti shingoni.

"Nataka maji ya kutawadha," alisema Bi Mize.

Akatawadha, akatandika leso nyuma ya kichuguu, akaielekea kibla. Bwana Mshangama akamfuata kwa kunyata, uso umemwiva kwa wasiwasi.

"Samahani, mama. Unasali ipi? Maana hapa, kwa mujibu wa ratiba, ni magharibi."

"Mwanangu," alisema Bi Mize kwa upole, "hii ni adhuhuri. Na lile ni shuka."

Akasali adhuhuri yake kamili, hakupunguza hata neno.

*

Alipotoa salamu alisikia njaa. Dafu na muwa si chakula cha mtu aliyepanda ngamia. Tena moyo ulikuwa umeanza kumwenda mbio, maana alasiri haimsubiri mtu, na kwa mwendo ule angefika Mkungu mjukuu akiwa ameshaoa chini ya jina la hoteli. Akakaa mchangani, akafungua kikapu, akatoa kisheti kimoja.

Sasa, Bi Mize alilelewa na watu. Hajapata kutia tonge mdomoni mbele ya macho ya mtu mwingine bila kusema lile neno ambalo sote tunalisema. Wakaribishaji walikuwa wamemzunguka, wakimtazama. Basi akawanyooshea kikapu, kama alivyofanya maisha yake yote, akasema:

"Karibuni."

Filimbi ikakatika. Bwana Mshangama akabaki mdomo wazi.

"Amesema nini?" akauliza mmoja kwa kunong'ona.

"Amesema karibuni."

"Amemkaribisha nani?"

"Sisi."

"Lakini sisi ndio tunaokaribisha!"

"Amri haikusema mgeni," alisema Bwana Mshangama, na jasho likamtoka. "Nimeikariri mimi. Imesema *aliyekaribishwa*." Akatazama mchanga, akatazama kikapu, akatazama juu kama anayeomba msamaha wa Wizara. "Kaeni, jamani. Tumekaribishwa."

Wakakaa. Wakala. Na visheti vya Bi Mize havikuwa vya mzaha. Sukari yake ilikuwa imegandia vizuri, kimoja kilitaka meno yote na nia njema. Wale vijana wawili wa machweo nao wakapelekewa, wakaketi kila mmoja kwenye kichuguu chake, shuka likawaponyoka, na jua likaanguka baharini kwa mkupuo mmoja. Wageni wakasimama wakapiga makofi. Walisema hawajapata kuona machweo ya kasi namna ile.

Bi Mize hakuwa mtu wa haraka, lakini alikuwa mtu wa kutazama. Alitazama mashavu yale yaliyojaa. Alimtazama Bwana Mshangama akijaribu kuinuka, akikumbuka hajamaliza, akiketi. Akafunga kikapu, akasema, "Msihimizane, kuleni taratibu," akaondoka.

Hakuna aliyemfuata. Aliyekaribishwa ataketi.

Kuanzia hapo safari ikawa tamu. Mkaribishaji mmoja akaruka kutoka kichakani na dafu mkononi, kabla hajafungua kinywa, "Karibu mwanangu!" akajikuta chini anatafuna, dafu amelikumbatia. Wapiga ngoma wengine wakatokea mbele, "Karibuni wanangu!" wakaketi juu ya ngoma zao. Mchunga ngamia alikuja mbio kumkumbusha kwamba mgeni hatembei kwa miguu. Akakaribishwa naye, akaketi, na alikula kwa raha ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa kama ameshinda na njaa. Ngamia akaendelea peke yake kuelekea ufukweni, kama vibao vilivyoagiza.

Bi Mize akakatiza minazini, kofia imemkaa upande, anacheka mwenyewe na kujiombea msamaha kwa kucheka. Kikapu kilikuwa kinapungua, lakini mnara nao ulikuwa unakaribia.

*

Mkungu haikuwa tena Mkungu. Ilizungushiwa ukuta wa hoteli, na langoni pameandikwa KIJIJI HALISI. Walinzi wawili walisimama hapo. Bi Mize akawamiminia visheti vyote vilivyobaki, mpaka vumbi la sukari, akawaambia, "Karibuni, wanangu, msiache hata kimoja," akapita.

Mbele ya nyumba yake mwenyewe alisimama Vuai, fundi baiskeli, mtoto wake wa pekee, amevaa kaniki aliyopewa na Wizara, anatwanga kinu.

"Vuai! Tangu lini wewe ukatwanga?"

Macho ya Vuai yakajaa maji. Lakini mandhari ikiongeleshwa na mgeni ina neno moja tu. "Karibu, mgeni," akasema. Kisha kwa pembe ya mdomo: "Mama, kinu hakina kitu. Nilishauliza nitwange nini, wakasema kelele zinatosha. Baiskeli zangu wameziondoa, eti si halisi. Fanya haraka, wamempeleka mtoto ukumbini."

Ukumbini katikati ya kijiji palijaa kofia za ukili. Jukwaani, juu ya mto wa hariri, alilala mjukuu wa Bi Mize, amekunja ngumi kama mtu anayesubiri zamu yake kujibu. Mama yake, Salha, alisimama pembeni ya jukwaa, kavalishwa shanga ambazo si za kabila lolote. Na mbele ya kipaza sauti alisimama Waziri wa Ukarimu na Machweo, Mheshimiwa Badru Kilemba, ambaye alikuwa ameshasema sana na sasa ndiyo kwanza anaanza.

"...kwa hiyo ndugu wageni waalikwa, jina si la kubahatisha! Jina ni miundombinu! Wataalamu wetu walikaa hotelini mwezi mzima, wakala, wakatafakari. Walijiuliza, huyu mtoto akiitwa, mgeni atajisikiaje? Je, atapenda kurudi? Je, ataleta shemeji zake? Na leo, kwa moyo mkunjufu, natangaza kwamba kijana huyu ataitwa..."

Akanyamaza ili watu wangoje. Alipenda sana sehemu hiyo.

Na katika kunyamaza kwake, muadhini wa Mkungu akaanza adhana ya alasiri. Msikiti ule haukuvunjwa kwa kuwa ulitoka vizuri kwenye picha, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angeutumia.

Waziri akafungua kinywa, akakumbuka kwamba kamera zinamtazama na kwamba mama yake mzazi huangalia habari kila jioni. Akakifunga. Akaweka mkono kifuani, akawa mcha Mungu. Ukumbi wote ukatulia.

Bi Mize akapanda jukwaani kwenye utulivu ule, wala hakunyata. Akamnyanyua mtoto. Akafungua pindo la leso, akaitafuna tende, akampaka kaakaani. Mtoto akalamba, akashangaa kwamba duniani kuna kitu kama hicho. Akamwinamia sikio la kulia, akamwambia jina lake.

Adhana ikaisha.

"Ofa ya Familia!" akatangaza Waziri, amenyosha mkono kwenye mto mtupu.

Makofi yakaanza, yakakosa pa kwenda, yakafa.

"Ana jina, Mheshimiwa," alisema Vuai kutoka nyuma, alikofika akimfuata mama yake na mchi ungali mkononi, na sauti ilimtetemeka kama ya mtu aliyezoea neno moja. "Ameshapewa. Na alasiri bado haijasaliwa."

"Na nani?"

"Na mama yangu. Bibi yake."

Waziri akamtazama Bi Mize kuanzia viatu hadi utepe wa buluu, akacheka kwa kipaza sauti ili wote wacheke naye. "Ndugu wageni waalikwa! Huyu bibi ni mgeni. Ana kofia! Mgeni anaangalia, mgeni hatoi jina. Jina hilo ni batili!"

Bi Mize akaivua kofia.

Watu wakashtuka. Mwanamke mmoja kutoka nchi za baridi akazishika pembe za kofia yake kwa mikono miwili.

"Aaa," alisema Waziri kwa utamu, "basi sasa ni mandhari. Na mandhari haisemi. Nayo haitoki ilipo. Bibi, utapangiwa mahali. Unajua kusuka ukili?"

Bi Mize alikisogeza kikapu kwa mguu, akachungulia ndani. Hapakuwa na kisheti hata kimoja. Akamtazama Waziri vizuri, bila haraka. Suti yake nzuri. Kichwa chake kitupu. Sare hakuwa nayo, wala kofia hakuwa nayo, na katika kisiwa kizima yeye peke yake ndiye ambaye hajawahi kuulizwa ni nani.

Akainua mkono akamvisha kofia.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema.

Wakaribishaji wa ukumbini walikuwa wamefunzwa miaka minne mfululizo kuona kofia, si uso. Walimvamia kama mvua ya masika.

"Karibu, karibu, karibu sana!"

"Mimi ni Waziri!"

"Karibu sana, Mheshimiwa! Waziri wa nchi gani?"

"Ya hapa hapa! Niacheni!"

"Kwa kusudi gani, Mheshimiwa? Jua, kasa, au fungate?"

Akaketishwa. Shada likamkaa shingoni. Dafu likaja na mwavuli wake, akanywa kwa hasira ili amalize, na kabla hajashukuru dafu la pili lilikuwa limeshafika, na nyuma yake wacheza ngoma wa uhasibu walikuwa wanajipanga. Alipojaribu kuivua kofia, mmoja alimshika mkono kwa mapenzi. "Usiivue, Mheshimiwa. Utakuja kutwanga."

Kule nyuma kikasikika kishindo. Vuai alikuwa ameangusha mchi. Akapita katikati ya kofia zote hadi mbele ya mama yake, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Mtoto akalia. Vuai akamchungulia ndani ya leso, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina alilomsikia bibi akilitamka tena polepole, jina la marehemu mume wake, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumkaribisha mtu kwa amri. "Shaame," alisema. "Shaame, nyamaza, baba." Na Shaame akanyamaza, kama mtu aliyekuwa akingoja aulizwe kwa jina lake.

Salha akavua shanga moja moja, akazitundika kwenye kipaza sauti. Bi Mize akamfunga mjukuu mgongoni kwa leso, akaokota kikapu chake kitupu, akashuka jukwaani. Kichwani alikuwa na ushungi wake tu. Mwana na mkwe wakamfuata.

Langoni wale walinzi wawili waliwaona wakija, mandhari nne zinatembea. Mmoja akainua mkono kuwazuia. Lakini alikuwa bado ameketi, na mashavu yalikuwa yamejaa, na kisheti kilikuwa hakijakubali. Alitikisa kichwa, akanyosha kidole, akatafuna kwa bidii zaidi.

Bi Mize aliwapita, akaifuata njia ya mkato ya minazini kuelekea bandarini.